Jina la Marehemu kwenye Fomu S

Katibu wa chama alinipigia simu wiki iliyopita. "Mama Ciru," akasema, "tuandikie kitu cha kuwatia moyo hawa vijana wapya. Wanakataa kusaini. Waeleze vile tulipigania utambuzi." Nimekubali kuandika. Cha kuwatia moyo nimekitafuta nikakikosa, na kwa umri huu sina haja ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Nitawaeleza ilivyokuwa. Katibu asipopendezwa, na yeye ana kalamu.

Nilifanya kazi miaka ishirini na sita katika hicho kiwanda cha mishumaa mlimo leo. Wakati wangu hapakuwa na mashine zenu zinazosukuma mshumaa nje zenyewe. Tulimimina nta kwenye kalibu za chuma kwa ndoo yenye mdomo, tukafungua maji baridi yapite kando ya kalibu, tukangoja. Ukitoa mshumaa mapema, unapinda. Ukichelewa, unang'ang'ania chuma na kukatika kiunoni. Hakuna saa iliyokuambia. Uligusa kalibu kwa kifundo cha kidole ukajua. Utambi nao ukikaa upande, mshumaa ukiwashwa unalia upande mmoja mpaka unaisha, mteja anatukana kiwanda, na kiwanda kinakuja kututukana sisi.

Wiki yangu ya kwanza niliharibu kreti nzima. Aliyeniokoa ni mwanamke wa mstari wa pili, Rosebella Atieno. Aliirudisha mishumaa yote kwenye tanki kabla msimamizi hajafika, akaniambia, "Wacha kulia. Nta ikiyeyuka imesahau." Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na mkinisikia nikimtaja sana humu, mjue sababu.

Stima ikipotea Eastlands, sisi tulifurahi, maana kesho yake kulikuwa na saa za ziada. Nikifika nyumbani Umoja nakuta giza, na mimi mtengeneza mishumaa sina hata kipande, kwa kuwa getini tulipekuliwa mpaka ndani ya vilemba. Nilikuwa nikinunua mshumaa dukani kama kila mtu, na mara nyingine nikiutambua kwa kasoro yake kwamba ni wa mkono wangu.

Sasa kuna neno moja ambalo bado mnalitumia: kushikia. "Nishikie hapa," mtu anasema, anaenda msalani, nawe unafanya kazi yake na yako. Kwetu neno hilo lilikwenda mbali zaidi. Mtu akiugua, alimtuma ndugu yake na kitambulisho chake, ndugu akamshikia kazi wiki moja, wiki mbili. Getini hawakuangalia sura. Waliangalia kama namba ya kazi ipo kwenye daftari. Msimamizi alijua na alinyamaza, maana alichotaka ni mikono.

Rosebella alipougua, alikuja mdogo wake kutoka Kayole, Pamela Akinyi. Walifanana paji la uso na mdomo, na Pamela alikuwa na kidole chepesi kuliko dada yake. Siku ya tatu alikuwa akijua kalibu imepoa kabla hajaigusa. Alikuja kumshikia kwa wiki mbili. Rosebella hakurudi kazini. Alifariki miezi mitano baadaye, na Pamela akabaki pale pale kwenye mstari wa pili, kwa jina la dada yake, na watoto wawili wa dada yake nyumbani pamoja na watatu aliowazaa mwenyewe. Angefanya nini? Angekwenda ofisini aseme, jamani, mwenye kazi amekufa, naomba mniandike mimi? Getini kulikuwa na watu arobaini kila asubuhi wakingoja nafasi kama hiyo.

Aliwahi kuniambia kwa utani, "Mama Ciru, mimi nilizaliwa asubuhi, ndio nikaitwa Akinyi. Hapa kazini nimekuwa Atieno, mtoto wa usiku. Kazi imenigeuzia siku."

Utani uliisha kwenye mchango wa matanga. Desturi yetu mliikuta: mtu akifiwa, karatasi inabandikwa karibu na bomba la maji, picha ya marehemu juu, majina ya wanaochanga chini. Niliyekuwa na mwandiko mzuri ni mimi. Nikakaa na kalamu, nikakwama. Marehemu ni nani? Kwa kiwanda, Rosebella yuko hai, yuko mstari wa pili, anafunga utambi. Aliyekufa ni dada yake. Pamela akaja nyuma yangu akasema polepole, "Andika Pamela." Nikaandika: Marehemu Pamela Akinyi. Wiki nzima alikunywa maji akiangalia jina lake chini ya picha ya dada yake. Watu wakimpa pole anasema asante. Mimi ndiye niliyeiandika ile karatasi, na bado mwandiko ule naukumbuka, na herufi zake nilizopamba.

Ofisini walitaka barua ya chifu kuthibitisha kwamba kweli amefiwa, ndipo apewe siku za kwenda mazishi. Pamela akanipa bahasha niipeleke, yeye alikuwa anashughulika na gari la mwili. Niliipeleka. Sikuifungua. Meneja wa wafanyakazi wakati huo alikuwa bwana mmoja tuliyemwita Bwana Faili, kwa sababu hakutupa karatasi maishani mwake, hata risiti ya sukari ya chai. Aliichukua bahasha, akatoa ruhusa, na hapakusemwa neno. Miaka minne hapakusemwa neno. Kumbe ndani, nyuma ya barua ya chifu, kulikuwa kumekunjwa kibali cha mazishi chenye jina halisi la marehemu.

Bahasha yoyote mtakayopewa mpeleke ofisini, ifungueni kwanza. Hilo halikuandikwa kwenye sheria yoyote.

Utambuzi wenyewe ni hivi. Chama kinaweza kuwa na ofisi, na bendera, na wimbo, na bado mwajiri aseme hakijui. Sheria inamlazimu akitambue kikiandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga. Wasimamizi hawamo kwenye hesabu hiyo, kwa sababu wao ni upande wa mwajiri. Kila anayejiunga anajaza Fomu S. Chama kikitambuliwa, ndipo mwajiri anapolazimika kukaa mezani kujadiliana masharti ya kazi na watu wote kwa pamoja, badala ya kumwita mmoja mmoja na kumtisha. Zaidi ya nusu. Nusu kamili haitoshi. Shikeni hapo, maana mambo yote yalikwama hapo.

Mara ya kwanza nilivuruga mimi. Nilikuwa nimechaguliwa mwakilishi, kichwa kimevimba, nikapita na fomu kwenye mistari nikiandika watu kama tunavyoitana. Mama Ciru. Baba Shiks. Kasee. Omosh wa Boila. Mutiso, aliyekuwa katibu wa tawi siku hizo, mtu mkali mwenye tumbo la vidonda na maziwa kwenye chupa ya soda, alizisoma akaziweka chini kama mtu aliyeshika kitu kichafu.

"Hii ni nini?"

"Ni wanachama."

"Hii ni orodha ya harusi. Omosh wa Boila ni nani mbele ya sheria? Nataka jina la kitambulisho, namba ya kitambulisho, namba ya kazi. Herufi moja ikikosa, wanatupa yote."

Tukaanza upya. Ndipo nikajua majina ya watu niliokula nao mchana miaka kumi. Kasee alikuwa anaitwa Erastus, na alitunyamazisha wote tulipocheka. Tulikuwa sitini tunaohesabika, na mara hii tulipata saini thelathini na sita, zote safi. Rosebella, yaani Pamela, hakusaini. Sikumuuliza kwa nini. Nilijua.

Mutiso akapeleka barua. Kampuni ikajibu kwa makoti.

Koti jeupe lilikuwa la wasimamizi, la buluu letu sisi. Wiki moja baada ya barua, watu kumi na wawili waliitwa ofisini, wakatoka na makoti meupe na cheo kwenye karatasi. Wote kumi na wawili walikuwa wanachama. Mstari wa kupakia ulikuwa na watu wanane, na ghafla watano kati yao ni wasimamizi. Kulikuwa na msimamizi wa tambi, msimamizi wa maboksi, msimamizi wa gundi ya maboksi. Erastus akaja na koti linalomfika magotini. "Mathe," akaniambia, "mimi niko chini ya maji, kisirisiri bado niko na nyinyi. Nimepewa kukusimamia wewe pekee yako. Sasa nikusimamie aje?" Tulicheka mpaka machozi. Mshahara wao haukuongezwa hata kidogo. Halafu Mutiso akapiga hesabu, na kicheko kikakatika. Toa kumi na wawili kwa sitini, tumebaki arobaini na wanane. Toa kumi na wawili kwa thelathini na sita, saini ishirini na nne. Nusu kamili.

"Tunaweza kwenda mahakamani kupinga makoti," Mutiso akasema. "Tutashinda. Lakini kesi italala huko mwaka, miwili, na wao watakuwa wanavisha wengine. Wizara imeshakubali kutuma mpatanishi mwezi ujao, aje akague majina. Nitafutie mtu mmoja."

Wale ishirini na wanne ambao hawakuwa wamesaini niliwapitia wote. Wengine walikuwa na hofu, wengine walikuwa wamekula ahadi za Bwana Faili, wengine walinifungia mlango. Nikabaki na mmoja tu ambaye angenisikiliza, na huyo ndiye ambaye sikupaswa kumwendea.

Nilimfuata Pamela mpaka Kayole, nyumba ya chumba kimoja ghorofa ya nne, watoto watano wakifanya kazi za shule kwenye kitanda. Alinipikia chai. Alijua nilichofuata.

"Mimi hiyo maneno sitaki, Mama Ciru," akasema. "Hiyo fomu inataka kitambulisho. Nikiweka hiyo ya Rosebella mbele ya watu wa serikali, si nitashikwa?"

"Hicho kitambulisho umekitumia miaka minne. Nani amekuuliza?"

"Hawajauliza kwa sababu niko kimya."

Ni kweli, na nilijua ni kweli. Nikamwambia hana hata likizo ya ugonjwa, kwamba dada yake alizidiwa akiogopa kuomba siku ya kwenda hospitali. Nikamwambia ni saini moja. Nikatumia lile neno. "Nishikie hii moja tu, Pam. Nishikie. Na wakikugusa, chama kizima kitasimama. Mimi nitakuwa wa kwanza kusimama."

Akachukua kalamu. Alitia saini ya dada yake, aliyokuwa ameizoea kuliko yake mwenyewe.

Mpatanishi alikuwa mama mmoja mpole wa miwani, mwenye kalamu tatu za rangi tofauti. Alikaa kwenye ukumbi wa chakula, upande huu Mutiso na mimi, upande ule Bwana Faili na wakili. Wafanyakazi waliingia mmoja mmoja. Jina, kitambulisho, namba ya kazi, alama. Ilipofika saini ya ishirini na tano, Pamela akaingia na koti lake la buluu lililopigwa pasi. Akaweka kitambulisho mezani.

Bwana Faili hakuinuka. Alifungua faili, akatoa karatasi moja iliyokunjwa, akaisukuma kwa kidole. "Rosebella Atieno alizikwa miaka minne iliyopita," akasema. "Hiki ni kibali cha mazishi. Kililetwa ofisini kwangu na huyu mwakilishi wao mwenyewe, kwa mkono wake. Huyu mwanamke hatumjui. Kampuni haina mfanyakazi kama huyu."

Hapo ndipo nilipokijua kilichokuwa ndani ya ile bahasha. Alikuwa amekitunza miaka minne, akimwona Pamela kila siku, akipokea kazi ya mikono yake, akingoja siku ya kukihitaji. Namchukia mpaka leo, na silionei haya neno hilo.

Mpatanishi alisoma kibali mara mbili. Akabadilisha kalamu. "Kwa hivyo kampuni inasema huyu si mfanyakazi wenu," akasema.

"Hakuwa na hajawahi kuwa."

"Basi orodha ya wafanyakazi si arobaini na wanane. Ni arobaini na saba." Akaandika. "Na saini halali ni ishirini na nne."

Wakili alikuwa wa kwanza kuelewa. Akamshika Bwana Faili mkono, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Ishirini na nne kwa arobaini na saba ni zaidi ya nusu. Hatukuwa tumehitaji saini ya Pamela hata siku moja. Tulichohitaji ni yeye asiwepo.

Mama wa miwani akatugeukia. "Chama mna pingamizi lolote kuhusu kuondolewa kwa huyu mama kwenye orodha?"

Mutiso akanikanyaga mguu chini ya meza. Nilielewa. Tukisema tuna pingamizi, kwamba huyu ni mfanyakazi, mikono yake imefanya kazi hapa miaka minne na zaidi, jina lolote atakaloitwa, orodha inarudi arobaini na wanane, saini yake inabishaniwa mahakamani, na sisi tunarudi kwenye nusu. Tukinyamaza, tumeshinda pale pale. Pamela hakumtazama Bwana Faili. Alinitazama mimi. Alikuwa anangoja nisimame, maana nilisema nitakuwa wa kwanza.

Nikasema, "Hatuna."

Nililisema neno hilo kwa sauti yangu mwenyewe, hakuna aliyenisemea. Pamela akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka mezani, askari wa getini akamsindikiza. Kitambulisho cha dada yake kilibaki kwa Bwana Faili. Akakitia kwenye faili.

Mkataba wa utambuzi ulisainiwa kabla ya mwezi kuisha. Tulipiga picha, ile iliyo ukutani pale mnapopanga foleni ya chai, mimi ndiye mwenye kilemba cha kijani ninayeangalia pembeni. Tulipoketi kujadiliana, tulipata glavu za nta moto, likizo ya ugonjwa, barua za ajira kwa waliokuwa vibarua. Kifungu nilichong'ang'ania mimi mwenyewe ni kile kinachosema mfanyakazi hatafukuzwa bila kusikilizwa, akiwa na mwakilishi wa chama kando yake. Mutiso alinitazama nilipokuwa nikikisoma. Alikunywa maziwa yake.

Sasa kampuni inawaleta nyinyi kupitia wakala, ili msihesabike kwenye orodha yake, na wachache mnaohesabika mnasema chama hakijawafanyia kitu. Idadi inashuka. Nasikia Bwana Faili wa sasa, kijana mwenye kompyuta, anataka utambuzi ufutwe. Sainini au msisaini. Mimi nasema sainini, kwa sababu hizo glavu mikononi mwenu zililipiwa, na mlipaji si mimi. Lakini siku itafika mtaulizwa mbele ya meza kama mna pingamizi juu ya mtu mmoja, na hesabu yote itakuwa inataka mseme hamna. Sijui mtasema nini. Nilidhani najua nitakachosema mimi.

Nilimtafuta Pamela. Kayole walikuwa wamehama. Nilimpata mwaka juzi tu, baada ya kustaafu, sokoni Kariokor, kwenye kibanda cha viatu, anashona sandali za ngozi. Kidole chake bado chepesi. Nilisimama nikiwa nimebeba maneno niliyoyapanga kutoka Umoja. Nikasema nataka sandali. Akasema sawa, nivue. Akaweka mguu wangu juu ya ngozi, akauzungushia kalamu, taratibu, kama mtu anayempima mteja yeyote. Akanitajia bei, ile ya kila mtu. Akaniambia nizichukue Alhamisi.

Halafu akageuza soli, akachukua chaki ya kuandikia oda za watu, akaniangalia usoni.

"Jina?"

Sikusema Mama Ciru. Nikampa lile la kwenye kitambulisho.